Madaraka ya Rais na Breki Zake

Ndugu wafanyakazi wa Makongeni, Muthurwa na Kaloleni,

Tarehe 12 Desemba 1963 tulipata Uhuru tukiwa na Waziri Mkuu, Seneti na majimbo. Mwaka mmoja baadaye tukawa Jamhuri yenye Rais. Mwaka 1965 iliundwa COTU, na Rais akapata kauli katika uteuzi wa Katibu Mkuu wetu. Mwaka 1966 Seneti ikafutwa; mwaka 1982 sheria ikakubali chama kimoja tu.

Sisi wa reli twajua: breki za gari hazing'olewi zote siku moja. Hung'olewa behewa baada ya behewa, abiria wamesinzia.

Chama kimoja kiliondoka 1991. Katiba ya 2010 imerudisha Seneti, na haki ya kugoma imeandikwa humo. Basi, ndugu, tuzikague breki hizo kila siku. Dereva asiachiwe peke yake.