Faili Lisilocheza si Faili Lililokufa
Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloisumbua kamati yetu ya kumbukumbu, nalo ni mafaili ya zamani ya video ambayo hayachezi sawasawa tangu kompyuta na simu zetu zilipobadilishiwa programu. Mengine hutoa sauti bila picha, mengine picha bila sauti. Mengine hujaa madoa ya kijani, au midomo ya msemaji hutangulia maneno yake. Wengi wetu tumekata shauri kwamba mafaili hayo yameoza, na wapo waliokwisha kuyafuta. Nimekuja kuwaambia kwamba mara nyingi faili lenyewe ni zima. Kilichobadilika ni chombo cha kulisoma.

Jambo hili si dogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na hata baada ya hapo hatuwezi kutegemea kwamba lipo ghala mahali fulani lililotuwekea picha za mahafali yetu. Picha hizo zilipigwa na wazazi, wapiga picha wa harusi na wanafunzi wenyewe: kwanza kwa mikanda ya VHS, kisha zikauzwa katika VCD, kisha zikaingia katika simu. Baadhi ya walimu wanaosikika humo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nayo mikanda na CD zikikaa katika joto na unyevu wa Kyela huota ukungu. Kwa hiyo faili lililonakiliwa huenda ndilo pekee lililobaki.

Tuanze kwa kuelewa ugonjwa. Watu wengi hutazama herufi za mwisho za jina la faili, AVI, MP4 au 3GP, wakadhani wamejua kilichomo. Herufi hizo ni jina la chungu tu. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe viuzwavyo Matema vyaweza kufanana kabisa, kimoja kikapikiwa wali na kingine maharage. Kilichomo ndani ya faili ni picha na sauti zilizofungashwa kwa kanuni maalumu, na kanuni hiyo ndiyo iitwayo kodeki. Kompyuta isiyoijua kodeki ile haiwezi kuifungua picha, hata kama chungu inakifahamu.

Kufungasha huko hufanyikaje? Chukueni mtu anayepiga video ufukoni Matema. Milima ya Livingstone haisogei, wala mchanga hausogei; kinachosogea ni mtumbwi na mawimbi. Kodeki huandika picha moja kamili, kisha katika picha zinazofuata huandika mabadiliko tu. Ile picha kamili ikisomwa vibaya, mabadiliko yote hujengwa juu ya msingi mbovu. Hapo ndipo tunapoona madoa, na vipande vya mtumbwi vikielea juu ya mlima, mpaka picha kamili nyingine ifike.

Sasa, kwa nini programu mpya ishindwe na kazi ya zamani? VCD zetu zilitumia kodeki ya MPEG-1, yenye picha ya nukta 352 kwa 288. Mafaili mengi ya 3GP ya simu za zamani yana picha za H.263 na sauti ya AMR. Watengenezaji wa kompyuta huziacha kodeki za namna hii kwa sababu zao. Mwaka 2009 Microsoft iliizuia kodeki ya Indeo katika programu zake za kuchezea video, maana wahalifu wangeweza kuitumia kama mlango wa kuingilia. Windows 8 ya mwaka 2012 ilitoka bila uwezo wa kuchezesha DVD. Mwaka 2019 Apple, katika macOS Catalina, iliziacha programu za biti 32, na kodeki za zamani za QuickTime zikaondoka pamoja nazo. Hakuna aliyekuja Kyela kutuuliza kama bado tunazihitaji.

Ndugu zangu, sasa nieleze tiba kwa utaratibu.

La kwanza, fanyeni nakala ya faili, na kazi yote ifanywe juu ya nakala. La asili lisiguswe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

La pili, lijaribuni faili kwa programu nyingine. Ipo VLC, isiyolipiwa. Iliasisiwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, na wadogo zetu walizingatie hilo. Programu hii hubeba kodeki zake yenyewe, wala haingoji Windows iipatie. Faili likicheza vizuri humo, mmekwisha kujua kwamba ni zima. Lakini jihadharini na tovuti ziwaambiazo mpakue furushi la kodeki. Mara nyingi ndani ya furushi mna virusi.

La tatu, picha ikiwa ya kijani au yenye madoa ndani ya VLC pia, nendeni katika mipangilio yake mzime usaidizi wa chipu ya picha. Mara kwa mara kosa huwa katika maelewano ya chipu hiyo na programu iliyobadilishwa. Kazi itarudi kwa prosesa, na mafaili ya zamani ni mepesi. Hata kompyuta dhaifu huyamudu.

La nne, sauti ikitangulia au kuchelewa kwa kipimo kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, VLC ina mahali pa kuisogeza. Kama tofauti huongezeka kadiri mkanda unavyokwenda, hiyo ni kazi ya fundi. Liwekeni kando, msilifute.

La tano, yapo mafaili yaliyoumia kweli, hasa yale ambayo umeme ulikatika au betri ilikwisha wakati wa kurekodi. AVI na MP4 huwa na faharasa, ambayo kwa kawaida huandikwa mwishoni. Kurekodi kukikatika, faharasa haiandikwi. Faili la AVI huweza kujengewa faharasa mpya, na VLC yenyewe hujitolea kufanya hivyo. La MP4 ni gumu zaidi, lakini wataalamu huweza kuliokoa wakipewa faili zima lililopigwa kwa kamera ile ile. Kwa hiyo hata video isiyo na maana iliyopigwa na simu ile ina thamani.

La sita, ndipo tufikirie kubadili. Programu iitwayo FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, hufanya kazi za namna mbili. Ya kwanza ni kuhamisha chakula kutoka chungu kimoja hadi kingine bila kukigusa, na hapo hakuna kinachopotea. Ya pili ni kupika upya, yaani kuifungua picha na kuifungasha kwa kodeki nyingine, kama H.264 inayosomwa na karibu kila simu. Kupika upya kwa kawaida hupunguza ubora, kwa hiyo kufanywe mara moja tu, kutoka katika faili la asili, kwa ajili ya kutazamia. Na mkitaka kutumiana kwa WhatsApp, litumeni faili kama waraka. Likitumwa kama video, hukamuliwa upya.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mwenye faili au VCD ya shule ailete kwa kamati jinsi ilivyo, hata kama haichezi. Pili, tuwe na nakala tatu: moja hapa shuleni, moja Mbeya, moja Dar es Salaam, ili mvua au mwizi wa mahali pamoja asiweze kutumaliza. Tatu, wanafunzi wa kompyuta wakabidhiwe daftari la kuandika kila faili: limepigwa lini, nani wanaonekana, lina kodeki gani, na lilifunguliwa mara ya mwisho lini. Kila mwaka, kabla ya mkutano huu, yafunguliwe yote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasa hilo la majina lifanyike mwaka huu. Kodeki iliyosahauliwa yaweza kutafutwa na fundi wa popote duniani. Lakini jina la mwalimu aliyesimama upande wa kushoto, chini ya mwembe, twalijua sisi wachache tuliomo humu ndani, nasi hatutakuwapo siku zote.