Kumpata Mfanyakazi na Kukaa Naye: Johannesburg Inatuambia Nini



Nimepewa kusema juu ya kuvutia wafanyakazi, kuwatia ari na kubaki nao wakati kazi zenyewe zinabadilika. Katika mipango yetu ya mwaka mambo haya matatu huandikwa kwa mstari mmoja, kana kwamba anayeweza la kwanza ataweza na mengine. Mji huu tuliomo unakataa. Johannesburg ilijengwa na mfumo hodari kweli wa kuvuta watu, na mfumo huohuo ulipangwa makusudi ili watu hao wasikae. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu naamini ofisi zetu nyingi, Dar es Salaam, Nairobi na hapa Sandton, bado zinaajiri kwa fikra ile ya zamani bila kujua imetoka wapi.

Dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, ilikuwa nyingi lakini imetawanyika ndani ya mwamba, na mwamba wenyewe unazama chini sana. Kuichimba ni gharama. Bei ya dhahabu mwenye mgodi hakuwa na uwezo wa kuipandisha, kwa hiyo mkono wake ulikwenda kwenye ujira. Wenye migodi walikubaliana wasigombanie vibarua kwa kupandishiana mshahara, wakaanzisha chombo kimoja cha kuwatafutia watu wote: Witwatersrand Native Labour Association, ambacho vijijini kiliitwa Wenela. Mawakala wake walikwenda Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo) na kwingineko. Walifika hadi kwetu, nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, wakachukua vijana mpaka serikali ya uhuru ilipoufunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sisi tunalo neno letu kwa jambo la namna hii: manamba. Chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na ofisi yake ya kukusanya watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mtu alitolewa kwao, akapewa namba na kipande cha siku 30, akapelekwa Tanga au Morogoro. Neno lenyewe linasema kila kitu kuhusu alivyotazamwa. Anapofika, jina linabaki nyumbani.

Migodini Johannesburg mkataba ulikwisha baada ya miezi kadhaa, na mchimbaji akarudishwa kwao. Akija tena alianza upya, kama mgeni. Alilala kwenye kampaundi, wanaume watupu, chumba kimoja watu wengi. Sera ya serikali ya ubaguzi iliruhusu asilimia 3 tu ya wachimbaji Waafrika wa migodi ya dhahabu wapewe nyumba za kuishi na familia. Kazi za ujuzi zenye vyeti zilitengewa Wazungu kwa sheria tangu mwaka 1911, kwa hiyo hata aliyejua kazi hakuwa na ngazi ya kupanda. Chini ya ardhi watu walisemeshana kwa Fanakalo, lugha ya kazini ambayo msamiati wake mwingi ni amri: lete, shika, haraka.

Mwanauchumi Francis Wilson wa Chuo Kikuu cha Cape Town alichapisha mwaka 1972 uchunguzi wake wa mishahara ya migodi ya dhahabu toka 1911 hadi 1969. Alionyesha kwamba ujira wa fedha wa mchimbaji Mwafrika, ukiupima kwa vitu unavyoweza kununua, haukuwa mkubwa zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Karibu miaka 60! Kizazi kimoja kikazaa kingine, kikakipeleka kwenye shimo lilelile kwa thamani ileile.

Halafu mambo yakageuka kwa haraka iliyowashangaza wenye migodi wenyewe. Mwezi Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji Malawi ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu zaidi ya 70. Rais Banda wa Malawi akasimamisha uandikishaji. Mwaka uliofuata Msumbiji ikapata uhuru, na njia ya watu kutoka huko nayo ikawa ya mashaka. Wakati huo takriban wanne kati ya kila Waafrika watano waliochimba dhahabu walikuwa wageni. Migodi ikajikuta inatazama vyumba vitupu. Bei ya dhahabu ilikuwa imeanza kupanda, kwa hiyo fedha zilikuwapo, na mishahara iliyodaiwa kwa nusu karne kuwa haiwezi kuongezwa ikaongezwa mara kadhaa ndani ya miaka michache. Wakaanza pia kuwaahidi wachimbaji wazoefu kwamba wakirudi kutoka likizo kwa wakati watakuta nafasi yao. Ndiyo kusema, ujuzi wa mtu uligunduliwa kuwa mali siku alipokosekana.

Nimekaa sana kwenye historia hii, na sitaki kuomba radhi. Kila nikisikia meneja akisema "akiondoka huyu, nje ya geti wako mia", namsikia wakala wa Wenela. Afrika Kusini leo ina ukosefu wa ajira wa zaidi ya asilimia 30, na kwa vijana chini ya miaka 25 ni karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo maneno hayo ni rahisi kuyasema hapa, na yana chembe ya ukweli: watu mia wapo kweli. Asichokihesabu meneja ni kwamba wa mia na moja ndiye aliyejua mashine inakohoa vipi kabla haijaharibika, na mteja gani hulipa tarehe 5 na siyo tarehe 30. Elimu hiyo haiko kwenye faili la mtu yeyote, na siku anayokabidhi kitambulisho cha geti inatoka naye.

Nyumba ni jambo ambalo maofisa wa rasilimali watu hatupendi kulisemea, tukidhani ni la serikali. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua wachimbaji 34 Marikana, karibu na Rustenburg. Wachimbaji hao walikuwa wamegoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Tume iliyoongozwa na Jaji Ian Farlam ilichunguza mambo mengi, na moja lilikuwa hili: kampuni ya Lonmin ilikuwa imeahidi kwa maandishi, kama sharti la leseni yake, kujenga nyumba 5,500 kwa ajili ya wafanyakazi. Zilijengwa tatu. Nawaomba mkae na namba hiyo kidogo. Watu waliendelea kuishi kwenye vibanda vya mabati mbele ya mgodi wa platini, na ahadi yao ikawa karatasi. Utafiti wa kuridhika kazini ungefanyika pale, sijui fomu ingekuwa na swali gani la kutosha.

Hapa mjini jambo la makazi lina sura ya umbali. Ubaguzi uliwaweka Waafrika Soweto, Alexandra, Tembisa, mbali na kazi isipokuwa Alexandra, na mpango huo wa ardhi haukuondoka na sheria zake. Nenda barabarani saa kumi na moja alfajiri utaona watu wamesimama gizani wameinua kidole cha shahada juu. Wanaiambia daladala, ambayo hapa yaitwa taxi, kwamba wanaelekea mjini. Wengi wakifika mjini hupanda nyingine. Kima cha chini cha mshahara nchini kilikuwa randi 20 kwa saa kilipoanza mwaka 2019, na mwezi Machi 2025 kikafika randi 28.79, kwa saa nane hiyo ni kama randi 230 kwa siku. Toa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, kisha mwambie mtu huyo habari za ari ya kazi.

Kuna taasisi ya hapa ya kuwaunganisha vijana na ajira, ilianza mwaka 2011, na jina lake litawafurahisha: Harambee. Wanapompangia kijana kazi huangalia pia anakaa wapi na atafikaje, kwa kuwa kijana mwenye bidii anaweza kuacha kazi kwa nauli tu. Sisi tunauliza shahada, uzoefu na wadhamini. Nani kati yetu huuliza "utapanda magari mangapi?"

Kuhusu mawakala wa ajira nitapita upesi. Mkataba wa mtu kuajiriwa na wakala huku akifanya kazi kwako miaka mitano ni ndugu wa Wenela, na sheria ya hapa imelitambua hilo: tangu 2015, mwenye mshahara mdogo akishapita miezi mitatu huhesabiwa kuwa wa kampuni anayoitumikia, na Mahakama ya Katiba ilithibitisha mwaka 2018 kwamba kwa shabaha hiyo mwajiri ni mmoja tu, kampuni yenyewe. Wenzangu wa Afrika Mashariki, tusingoje kulazimishwa.

Kuna wanaoogopa kufundisha. "Tukiwasomesha wataondoka." Hofu hii ina msingi. Mwaka 1997 Mzee Mandela mwenyewe aliiomba Uingereza iache kuwachukua wauguzi wa nchi yake. Lakini nchi haikuacha kufundisha wauguzi. Na waajiri wenye malipo ya mishahara yanayozidi randi 500,000 kwa mwaka hukatwa asilimia 1 ya malipo hayo kwa ajili ya mafunzo, watake wasitake, kwa hiyo fedha imekwisha toka. Kinachobaki ni kumpa aliyesoma kazi inayolingana na alichosoma. Nimeona fundi amerudi na cheti akakabidhiwa fagio lilelile. Huyo hakuondoka kwa sababu ya cheti.

Nimalize kwa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa katika kampuni moja ya Dar es Salaam, alikuja dada mmoja wa kitengo cha ufungashaji na notisi yake. Nikamfanyia mahojiano ya kuondoka kwa utaratibu wote, nikauliza tungefanya nini abaki. Akasema, "Dada, niliandika." Nilipofungua faili nikakuta barua tatu za kuomba kubadilishiwa zamu ya usiku, kwa sababu mtoto wake alikuwa hana wa kulala naye. Zote zina muhuri wa kupokelewa. Saini iliyo juu ya muhuri ni yangu. Sikuwahi kuzijibu, nilizipokea tu. Toka siku hiyo swali la mahojiano ya kuondoka naliuliza katika mwezi wa tatu wa mtu kazini, na tena kila mwaka, na jibu lina tarehe ya kurudishwa.

Kabla ya chai, kila kundi lichukue karatasi. Orodhesheni watu kumi wa mwisho walioacha kazi kwenu. Mbele ya kila jina andikeni alikaa wapi, alipanda magari mangapi, msimamizi wake alikuwa nani, na mara ya mwisho aliomba kitu gani. Msiandike sababu iliyoko kwenye barua ya kujiuzulu. Mkikwama kwenye jina, acheni nafasi wazi, na nafasi hizo ndizo tutakazoanza nazo tukirudi.