Ushuhuda Kabla ya Ushindi

Neno lililotolewa Kampala katika ibada ya shukrani ya maadhimisho ya ushirika wetu. Masomo: Ayubu 19:23-27 na Ruthu 4:1-10.

Nawasalimu wenyeji wetu wa Kampala. Nawasalimu mliovuka Busia na Malaba kutoka Kenya, mliopita Mutukula kutoka Tanzania, na ninyi mliotoka Kongo kwa njia ya Bunagana na Mpondwe. Nakusalimu na wewe ambaye hukuweza kufika, unayelisoma neno hili nyumbani katika jarida letu la kumbukumbu. Mungu anakujua kwa jina.

Leo tumesikia shuhuda nyingi. Kuna aliyepona, kuna aliyepata kazi, kuna aliyebeba mtoto baada ya kungoja miaka. Utukufu wote ni wa Bwana, na tusinyamaze kumshukuru. Lakini mimi nimetumwa kwa mtu mwingine. Nimetumwa kwako wewe ambaye hukuitwa mbele kushika maikrofoni. Umefunga, umekesha, umeomba mpaka sauti imekauka, na jambo lako bado liko palepale. Unapiga makofi kwa ushuhuda wa mwenzako, huku moyoni unauliza: Bwana, na mimi je?

Kwako nina neno moja tu. Imani katika Mkombozi haingojei mwisho wa mateso ndipo ifungue kinywa. Inashuhudia kabla ya ushindi.

Ayubu alisema akiwa wapi?

Sote tunalijua lile tamko la Ayubu kwamba Mkombozi wake yu hai. Tunalihubiri, tunaliimba, tunaliweka kwenye fulana. Lakini hebu angalia limeandikwa sura ya ngapi. Ni sura ya 19. Mali yake ilirudishwa sura ya 42! Kati ya hapo kuna sura 22 za maumivu na mabishano. Kumbe Ayubu hakuyasema maneno yale akiwa na ng'ombe zizini na watoto mezani. Aliyasema akiwa ameketi majivuni, watoto wake 10 wamezikwa, ngozi yake imeharibika. Ukisoma sura hiyohiyo, anaeleza kwamba anamwita mtumishi wake na mtumishi haitiki. Mke wake hawezi kuvumilia hata pumzi yake. Watoto wadogo wanamdharau.

Tena angalia, katika sura hiyohiyo analalamika kwamba Mungu ameiziba njia yake asipite. Kinywa kilekile kilicholalamika ndicho kilichokiri. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ukilia umepoteza imani. Ayubu alimlalamikia Mungu, lakini alimlalamikia Mungu mwenyewe. Hakuhamia kwa mwingine.

Na rafiki zake je? Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri. Waliketi naye chini siku 7 bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yao nzuri kuliko zote! Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Walimwambia atafute dhambi yake. Maneno hayo hata leo yapo katikati yetu, ila yamebadilisha nguo: "Imani yako ni ndogo." "Kuna laana ya ukoo." "Hujatoa sadaka ya kufungua mlango." Ndugu yangu, soma sura ya 42. Mungu alimhoji Ayubu kwa maswali mazito, ni kweli. Lakini hasira yake iliwaka juu ya wale rafiki waliokuwa na maelezo ya kila kitu.

Mkombozi ni ndugu

Sasa, huyu Mkombozi ni nani? Biblia yetu ya Kiswahili hapo kwa Ayubu imeweka neno "Mteteaji". Neno la Kiebrania ni goeli, na goeli si mtu wa mbali. Ni ndugu wa karibu. Kama umeuza shamba kwa sababu ya shida, goeli ndiye mwenye wajibu wa kulirudisha. Kama umejiuza utumwani kwa deni, goeli anakuja kukutoa. Ukidhulumiwa na huna sauti, goeli anasimama upande wako.

Ndugu zetu Waganda wanamwita Omununuzi. Mswahili akilisikia mara ya kwanza anafikiri ni mtu wa sokoni, kwa sababu sisi kununua ni kununua tu! Lakini Mganda anajua kwamba neno hilo ni la kulipia kitu ili kitoke kifungoni. Hapa mjini kijana wa bodaboda akibanwa, anaweka kadi ya pikipiki yake rehani. Kadi imefungiwa kwenye droo ya mkopeshaji, lakini haijaacha kuwa ya yule kijana. Jina lake bado limeandikwa pale. Inangoja kukombolewa. Sikia, wewe uliyewekwa rehani na shida: umefungiwa, lakini hujabadilishwa mwenyewe. Wewe bado ni wa Bwana.

Mtazameni Naomi. Aliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, akavuka mpaka kwenda Moabu. Huko akazika mume na wana wawili. Aliporudi aliwaambia wanawake wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, maana maisha yamekuwa machungu. Wako wangapi hapa waliovuka mpaka wakizika njiani? Biblia haikumkemea Naomi kwa uchungu ule. Ikamwonyesha Boazi. Na pale langoni kulikuwa na ndugu wa karibu kuliko Boazi. Alikuwa tayari kuchukua shamba, lakini aliposikia kwamba pamoja na shamba kuna mjane Mmoabu, akaogopa kuharibu urithi wake, akavua kiatu, akaondoka. Boazi akachukua shamba pamoja na mjane mgeni. Hivyo ndivyo alivyo Yesu kwetu. Hakutupenda kwa sababu ya shamba. Alituchukua na msiba wetu, akalipa kwa damu yake mwenyewe.

Kaburi tupu la Namirembe

Wapendwa, jambo hili halikuishia kwenye Biblia. Mji huu wa Kampala umeliona kwa macho.

Janani Luwum, aliyekuwa mwalimu, aliokoka mwaka 1948 kijijini Mucwini, huko Acholi, wakati wa uamsho ule wa Balokole. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa kanisa la Anglikana lililounganisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Ushirika wa kuvuka mipaka, kama wetu! Mwaka 1977, maaskofu walipomwandikia Idi Amin kupinga mauaji, Luwum aliitwa. Tarehe 16 Februari aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari.

Waumini walikuwa wamechimba kaburi kule juu Namirembe, karibu na kaburi la Askofu Hannington. Serikali ikakataa kutoa mwili. Ukapelekwa Mucwini, ukazikwa huko. Hata hivyo Jumapili iliyofuata watu walipanda Namirembe kwa maelfu. Baada ya ibada wakasimama kulizunguka kaburi ambalo halina mtu. Huzuni yao ilikuwa ya namna gani! Hata maiti ya kulilia wamenyimwa. Ndipo askofu mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akalitazama lile shimo tupu na kuwakumbusha maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka, kwamba aliye hai hatafutwi kaburini.

Hebu fikiri. Siku hiyo Amin alikuwa bado Ikulu. Askari walikuwa bado na bunduki zao. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Kampala ilikombolewa Aprili 1979, zaidi ya miaka 2 baadaye. Lakini ushuhuda ulitolewa Februari 1977, kando ya shimo, machozi yakiwa bado yanatiririka. Huo ndio ushuhuda wa Ayubu sura ya 19.

Na sisi Wapentekoste tusisahau historia yetu. Mwaka huohuo wa 1977 Amin alipiga marufuku makanisa mengi, na ya kwetu yakiwemo. Watu waliabudu majumbani kwa sauti ya chini, wakajifunza kusema haleluya kwa kunong'ona. Mwaka 1978 askari waliwavamia waumini waliokuwa wakiomba kule Makerere, wakafyatua risasi, wakawakamata wengi. Kama wale wangesema, "Tutashuhudia siku Mungu atakapotuondolea shida hii," sisi tungepokea imani kutoka kwa nani?

Maumivu ya sasa

Nisije nikasema ya zamani tu, kana kwamba mateso yaliisha. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Jumapili, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste kule Kasindi, upande wa Kongo wa mpaka wa Mpondwe. Watu walikuwa kwenye ibada ya ubatizo. Zaidi ya 10 wakafa. Mwezi Juni mwaka huohuo, upande huu wa mpaka, wanafunzi zaidi ya 30 wakauawa usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Januari 2025 Goma ikaanguka, na wengine wenu mkakimbia na nguo mlizovaa tu. Leo mko Nakivale, mko Kyaka II, mko hapa Katwe na Nsambya, chumba kimoja watu wanane.

Sitathubutu kukuambia kwa nini. Nikijaribu, nitakuwa Bildadi. Waliobatizwa Kasindi hawakukosa imani. Walikuwa ndani ya maji ya utii! Isaya sura ya 43 inazungumza habari za watu wa Mungu kupita katika maji mengi na katika moto. Ahadi iliyopo pale ni kwamba Bwana atakuwa pamoja nao humo ndani. Mkombozi wetu mwenyewe alipita huko. Alilia pale Gethsemane, aliomba kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa. Siku ya 3 akafufuka na makovu yake mikononi. Hakuyafuta. Kwa hiyo ukimwonyesha jeraha lako, haoni kitu kigeni.

Tufanye nini?

Kwanza, tufungue nafasi katika ibada zetu. Kipindi cha ushuhuda kimekuwa cha walioshinda tu. Anayengoja anakaa nyuma kama mwanafunzi aliyefeli. Naomba viongozi wa matawi yote, Kampala, Nairobi, Mwanza, Beni, tuwape na hawa maikrofoni. Mama asimame aseme, "Mtoto wangu bado hajaonekana tangu tulipokimbia, lakini Yesu bado ni Bwana wangu." Asiulizwe kwa nini. Asiharakishwe kusema amina. Kanisa lisimame naye, lilie naye. Ushuhuda huo unamtisha shetani kuliko ushuhuda wa gari jipya.

Pili, tuwe ndugu kweli. Kama Mkombozi ni ndugu wa karibu, basi mwili wake nao uwe karibu. Usimwambie mjane "nakuombea" wakati kodi yake ya chumba unaweza kuichangia. Msindikize mgonjwa hospitalini, kaa naye kwenye foleni, na usithubutu kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani. Aliyefiwa, kaa naye zile siku 7 kwanza. Mafundisho yatakuja, hayana haraka.

Tatu, wewe uliye katikati ya moto, usinyamaze mbele za Mungu. Siku ambayo huwezi kuimba, lalamika, lakini mlalamikie yeye. Siku ambayo huwezi hata kulalamika, njoo ukae tu. Wenzako tutaimba Tukutendereza kwa niaba yako mpaka sauti yako irudi. Na maneno yako yaandike. Ayubu alitamani maneno yake yachongwe kwenye mwamba kwa kalamu ya chuma, yaani faili lake lisipotee. Hakujua kwamba tungeyasoma Kampala, kwa Kiswahili, baada ya maelfu ya miaka.

Mpendwa unayesoma, sijui jambo lako litaisha lini. Huenda ni mwezi huu. Huenda ni siku ile ambayo mwenyewe atasimama juu ya nchi na macho yetu yatamwona. Ninachojua ni kwamba jina lako bado limo katika kadi, na aliyelipa hajafa tena.

Tuombe. Bwana Yesu, Ndugu yetu na Mkombozi wetu, mkumbuke anayekushuhudia leo bila kuona jibu. Mshike mkono anayelisoma neno hili usiku peke yake. Utuondolee midomo ya rafiki za Ayubu, utupe mioyo ya Boazi. Wakumbuke wa Kongo, wa Uganda, wa Kenya, wa Tanzania, na kila aliyeko ugenini. Katika jina la Yesu, amina.