Falsafa Itakulisha Nini?

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi, baada ya sala ya tarawehe, Lamu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya masomo ya chuo kikuu na kazi. Nitazungumza juu ya somo ninalolisoma mimi, falsafa, manake ndilo ninaloulizwa kila nikishuka boti kutoka Mokowe. Ilipokuja barua ya chuo, baba yangu, ambaye ni mvuvi, alisomewa, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, ndia hiyo yafika wapi? Falsafa itakulisha nini?"

Mnacheka, lakini yeye hakuwa akicheka. Mama alikaanga mahamri na sambusa miaka minne ili nimalize sekondari, na ami yangu aliuza mashine ya boti yake. Watu walitarajia daktari, au angalau mhasibu. Kwa hivyo swali lile lilikuwa la haki, na siku ile sikuwa na jawabu. Leo nataka kulijibu mbele yake. Yuko pale nyuma, karibu na nguzo.

Nianze na ukweli hata kama ni mchungu. Falsafa peke yake haina ofisi inayokungoja. Mwenye shahada ya udaktari hupelekwa hospitali, mwenye ualimu huandikwa na TSC. Falsafa si somo la shule za sekondari hapa Kenya, basi hata ualimu huo huwezi kuupata kwa falsafa tupu. Atakayekwambia vingine amekudanganya.

Lakini kuna hofu nyingine ambayo ni kubwa kuliko hiyo ya kazi, nayo ni hofu ya imani. Wazee wengi husema falsafa humtoa mtu katika dini. Nami niliingiwa na hofu hiyo. Mwaka wa kwanza tulisomeshwa hoja za wanaokanusha kuwepo kwa Mungu, na usiku ule sikulala. Nikampigia simu maalim wangu wa madrasa. Hakunifokea. Aliniambia: "Ziandike hoja zao zote vizuri, usipunguze hata moja, uje nazo likizoni tuzisome."

Tukazisoma barazani, yeye na kahawa yake. Hapo ndipo aliponieleza habari za Imam Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi. Imam Ghazali aliwajibu wanafalsafa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, lakini kabla ya kuwajibu alizisoma kwanza hoja zao mpaka akaweza kuzieleza yeye mwenyewe. Mantiki hakuitupa. Alipoandika al-Mustasfa, kitabu cha usuli wa fikihi, alianza na utangulizi wa mantiki. Na hoja yake kwamba kila kilichoanza kina aliyekianzisha, na ulimwengu umeanza, basi una aliyeuanzisha, hadi leo yasomeshwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na huitwa kwa jina lile lile la Kiarabu, kalam. Mimi niliikuta Nairobi katika kitabu cha Kiingereza, nikajihisi nimekutana na mtu wa kwetu ugenini.

Sasa turudi kwenye swali la baba. Falsafa ni kazi gani hasa? Kwa ufupi, ni kujifunza kupima maneno. Mtu akisema jambo, unauliza: amesema nini hasa? Ushahidi wake ni upi? Je, la pili latokana na la kwanza, au limepachikwa tu? Sisi tuliosoma madrasa tumeshaonja kidogo. Tuliposomeshwa kiyasi, kwamba kilevi kipya huharimishwa kama mvinyo kwa sababu ile ile ya kulevya, tulikuwa tukijifunza kutafuta sababu ya hukumu. Chuoni nimeikuta kazi hiyo ikiendelea.

Na kazi hiyo yahitajika. Nitatoa mifano miwili ya hapa kwetu Kenya.

Wa kwanza ni Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Yeye alizunguka vijijini akiwahoji wazee wenye hekima, akaonyesha kwamba falsafa haikuletwa kwa meli kutoka Ulaya. Ilipozuka kesi kubwa ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, mwaka 1987, mwanafalsafa huyu aliitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu aeleze mambo ya mila. Mahakama ilimhitaji mtu aliyezoea kupambanua.

Wa pili ni wetu wenyewe. Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni yake, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tazameni vizuri jambo hilo. Suala lilikuwa: mtu akiletewa habari, je, ameshauriwa? Kuambiwa si kuulizwa. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ilibeba bahari yetu. Na ripoti za miradi kama ile ni nene, zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Nani atazisoma ukurasa kwa ukurasa kwa niaba ya wavuvi? Lazima awe mtoto wa mtu hapa.

Likizo iliyopita nilipata nafasi ya kujifunza kazi miezi miwili katika ofisi ya wakili, Mombasa. Nikapewa faili la kesi ya shamba. Shahidi mmoja alisema mpaka ni mkwaju aliopanda babu yake. Kurasa ishirini mbele akasema mpaka huo huo, na mkwaju ukiwa pale pale, ulikutwa na mpimaji wa serikali kabla babu hajahamia. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Wakili akaniuliza nimesomea sheria wapi. Nikamwambia sijasoma sheria, nasoma falsafa. Lakini nisijisifu, manake barua ya kwanza niliyoiandika ilirudishwa mara tatu kwa kutojua taratibu za ofisi. Falsafa ilinipa mizani. Kazi yenyewe ilinibidi nijifunze.

Kwa hivyo nawausia vijana wenzangu mambo manne:

1. Usiichague falsafa kwa kuwa ni nyepesi. Si nyepesi.

2. Iandamanishe na jambo jingine: sheria, uchumi, uandishi wa habari, lugha, kompyuta. Ibn Rushd alikuwa kadhi, tena tabibu. Ibn Sina alikuwa tabibu. Hawakukaa na falsafa tupu.

3. Jifunze kuandika vizuri, Kiswahili na Kiingereza. Mwajiri haoni mawazo yako, huona karatasi yako.

4. Usiende bila maalim. Shaka likikupata, usilifiche na usikimbie. Mtafute mwenye elimu umuulize.

Na wazazi wetu, nawaomba kitu kimoja. Mtoto akija na somo msilolijua, muulizeni kama alivyoniuliza baba, kisha mngojeeni ajibu.

Baba, ulitaka kujua ndia hii yafika wapi. Jawabu langu ni hili: nikimaliza, inshaAllah, nitaomba kusoma sheria, na nikijaaliwa nitarudi hapa kuwasomea watu karatasi wanazotakiwa kutia sahihi. Mshahara siujui bado. Ila mashine ya ami naikumbuka, na deni hilo nitalilipa mimi, bi-idhnillah.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, atupe elimu yenye manufaa, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.