Shabaha ya Bunduki Isilegee

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wenye bunduki wa Ngana)

Leo twataka kusema habari ya kitu kidogo ambacho kikilegea chaweza kuleta msiba katika kijiji. Kitu hicho ni shabaha ya bunduki, yaani vile vyuma viwili vya kulengea, kimoja karibu na jicho na kimoja mwisho wa mtutu. Twasema hasa juu ya shabaha zilizoongezwa baada ya bunduki kununuliwa, pamoja na darubini zifungwazo juu yake kwa parafujo.

Ninyi mkaao Ngana mwaujua mto Songwe. Ndio mpaka wetu na Malawi, lakini mto huo hautulii. Mafuriko yakija hula ukingo mmoja na kuacha mchanga ukingo wa pili, hata shamba lililokuwa upande huu huonekana limekuwa ng'ambo. Mto haupigi mbiu uhamapo. Shabaha nayo ni vivyo hivyo. Huhama kidogo kidogo, wala mwenye bunduki hana habari, mpaka siku ile amlengapo kiboko aliyeingia katika mpunga.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kichwa cha kiboko ni kikubwa, lakini ubongo wake ni mdogo. Risasi ikienda kando kwa upana wa kiganja, mnyama hafi, bali huingia majini au katika matete pamoja na uchungu wake. Kesho yake mama aendaye kuteka maji, au mtoto apitaye njia ya shule, ndiye alipaye deni la parafujo iliyolegea.

Walimu, hesabu hii yafaa kufundishwa darasani. Tuseme shabaha ya mbele na ya nyuma ziko mbali sentimita 60. Ya mbele ikihama milimita 1 tu, risasi itakwenda kando karibu sentimita 17 kwa mwendo wa mita 100. Darubini ina ukali zaidi. Vishikizo vyake viwili vikiwa mbali sentimita 12, na kimoja kikasogea upande robo ya milimita, kosa la risasi kwa mita 100 litapita sentimita 20. Robo ya milimita ni vigumu kuitambua kwa macho, lakini matokeo yake huonekana.

Sasa, kwa nini shabaha hulegea? Sababu ya kwanza ni teke la bunduki. Kila risasi itokapo, chuma chote hurudi nyuma kwa ghafula, na parafujo hutikisika. Sababu ya pili ni mafuta. Parafujo mpya mara nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu, na fundi mwenye haraka huifunga vivyo hivyo; mafuta hayo huisaidia kujifungua yenyewe. Sababu ya tatu ni kukaza upande mmoja sana na kuuacha mwingine, hata chuma kisikae sawasawa. Sababu ya nne ni njia zetu: bunduki ichukuliwayo juu ya pikipiki katika barabara ya mashimo hutikiswa sana.

Iko na sababu ya tano, nayo ni mvua. Nchi hii ya Kyela hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Mti wa bunduki hunywa unyevu, huvimba na kuusukuma mtutu. Basi shabaha yaweza kuwa imara kabisa, na risasi ikaenda kando. Kwa hiyo mti upakwe mafuta ya mbao wakati wa kiangazi, wala bunduki isiwekwe penye unyevu.

Dawa yake ni hii. Kwanza kabisa, ondoeni risasi zote, tena chungulieni ndani kwa jicho na kupapasa kwa kidole, ili kuhakikisha kwamba bunduki ni tupu. Kisha fungueni parafujo kwa bisibisi iliyo sawa na ufa wake, kwa maana bisibisi nyembamba huharibu kichwa. Safisheni parafujo na tundu lake kwa spiriti na kitambaa safi, mbali na moto, mpaka mafuta yaishe, mkaache kukauke.

Baadaye tieni tone moja la gundi ya parafujo. Chagueni ile iwezayo kufunguliwa tena kwa bisibisi, si ile kali isiyofunguka ila kwa moto. Asiye nayo aweza kutumia rangi ya kucha, ingawa nguvu yake ni ndogo. Kazeni parafujo zote kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka zikae sawa. Msitumie nguvu za kung'oa kisiki, maana parafujo ndogo hukatika. Ikiwa mtengenezaji ameandika kipimo cha kukaza, fuateni kipimo hicho. Kisha iacheni bunduki siku nzima, gundi ishike.

Mwisho, chukueni rangi nyeupe, mpige mstari mwembamba toka kichwa cha parafujo mpaka chuma kilicho kando yake. Huo ndio shahidi wenu. Mstari ukionekana umekatika, parafujo imezunguka. Shabaha iliyopigiliwa katika mfereji nayo ipigiwe mstari namna hiyo. Ikiwa inacheza katika mfereji wake, msitie karatasi. Ipelekeni kwa fundi mwenye leseni.

Baada ya kufunga, hapana budi kujaribu, mahali palipokubaliwa na wakubwa, bunduki ikiwa imeegemezwa. Pigeni risasi tatu, kwa kuwa risasi moja si shahidi. Zikitawanyika, msiguse shabaha, bali tafuteni kwanza kilicholegea. Zikikaa pamoja lakini upande mmoja, hapo sogezeni: shabaha ya nyuma husogezwa kule mnakotaka risasi iende, na ya mbele husogezwa kinyume chake.

Twawakumbusha pia sheria. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka kila bunduki iwe na leseni, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikumwachia kila apendaye kuwinda bila kibali. Kiboko au mamba akileta hatari, habari ipelekwe upesi kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori. Lakini yeyote atakayepiga kwa haki, na apige kwa bunduki anayoijua.

Wazee, tunaomba neno moja kwenu. Kabla mpunga haujaanza kuiva, waiteni wenye bunduki wa kijiji, kila mmoja aonyeshe mstari wake wa rangi. Kazi hiyo haitapita asubuhi moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa bunduki ni mwembamba kuliko unywele.