Kuzimua Mchuzi Mzito wa Zabibu: Maji Kiasi Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa zabibu, Dodoma)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo, ukilitazama juu juu, ni dogo mno: maji. Baadhi ya wanachama wetu wamekwisha kujaribu kutengeneza mvinyo nyumbani kwa makopo ya mchuzi mzito wa zabibu yatokayo nchi za nje. Vyama viwili vitatu navyo vimeuliza kama yafaa kununua mchuzi wa namna hiyo kwa mapipa, ili kazi isisimame kati ya msimu na msimu. Kabla ya kujibu swali la kununua hatuna budi kujibu la kuzimua. Maana asiyejua ni maji kiasi gani yaingie katika mchuzi huo hajui anachonunua, wala hajui atakachouza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mchuzi uliokamuliwa kwa zabibu zilizoiva vizuri una kilo 20 hadi 24 za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka katika kila kilo 100, na kipimo hiki ndicho kiitwacho digrii za Brix. Viwandani mchuzi huo huchemshwa ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, ili maji yatoke kwa joto dogo na ladha isiungue, mpaka ufikie digrii 65 au 68. Hapo huwa mzito kama asali, hauchachuki kwa urahisi, na husafirishwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa hakuna anayelipa nauli ya maji. Mchuzi tunaouchemsha sisi kwenye sufuria mpaka ukapungua si huo. Hupata ladha ya kitu kilichopikwa, na ladha hiyo haitoki tena hata ukiuzimua kwa ustadi wa namna gani.

Biashara hii si ngeni duniani. Nchini Marekani, pombe ilipopigwa marufuku kati ya 1920 na 1933, wafanyabiashara waliuza mchuzi mzito, na hata matofali ya zabibu zilizokaushwa, pamoja na onyo lililoandikwa kwa uangalifu mkubwa kwamba mnunuzi asije akauchanganya na maji na kuuacha siku kadhaa, kwani utageuka kuwa mvinyo. Onyo hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe! Uingereza nako, baada ya mgawo wa sukari kukoma mwaka 1953, utengenezaji wa mvinyo nyumbani ulienea sana, na makopo ya mchuzi mzito yakawa bidhaa ya kawaida madukani. Siku hizi huko na Canada huuzwa maboksi yenye mchuzi, chachu na dawa zake, ambayo aghalabu hutoa lita 23 za mvinyo.

Sasa tuingie katika hesabu, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu huona mchuzi wake ni digrii 68, naye anataka digrii 22, ambazo zikichachuka zote hutoa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Hugawanya 68 kwa 22, hupata kama 3, kisha hutia lita 1 ya mchuzi na lita 2 za maji. Akipima hukuta digrii 27 na kudhani kipimo ni kibovu. Kipimo ni kizima. Digrii za Brix ni hesabu ya uzito, wala si ya ujazo. Lita moja ya mchuzi wa digrii 68 haina uzito wa kilo 1 kama maji, bali ina kilo 1.34 hivi. Ukitumia mizani, kilo 1 ya mchuzi huhitaji kilo 2.1 za maji. Ukitumia ndoo ya lita, lita 1 ya mchuzi huhitaji lita 2.8 za maji. Kwa hiyo lita 6 za mchuzi, pamoja na maji yapatayo lita 17, hutoa karibu lita 23. Mwenye boksi la kigeni afuate alama na maelezo ya boksi lake, kwa sababu yapo yenye mchuzi mzito kabisa na yapo yaliyozimuliwa nusu kiwandani. Boksi lenye lita 16 halitaki maji lita 17.

Aliyetia maji machache hupata hasara ya namna yake. Katika utamu wa digrii 27 na zaidi chachu nyingi huchoka kabla ya kumaliza kazi. Mvinyo hubaki mtamu, mwenyewe hudhani umetulia, hutia katika chupa na kuziba. Halafu chachu huamka, na chupa hupasuka usiku.

Lakini kosa linalopendwa zaidi ni la upande wa pili. Boksi limeandikwa lita 23, na mtu huona ndoo yake ina nafasi ya lita 30. Akijaza maji mpaka 30, mvinyo uliokuwa uwe wa asilimia 12 hushuka hadi 9 na kidogo. Wapo wajuzi watakaosema: ongeza sukari. Ni kweli kwamba kilo 1.4 hivi za sukari zitarudisha kilevi kilichopotea. Ila ukali wa zabibu hautarudi. Kama mchuzi ulikuwa na gramu 6 za asidi katika lita, sasa una gramu 4.6, na sukari ya dukani haina asidi hata chembe. Vivyo hivyo rangi na harufu. Tena asidi ndiyo mlinzi wa mvinyo: ikipungua, vijidudu viharibuvyo hupata nguvu, na dawa ya salfa tunayotia kuvizuia hufanya kazi kwa udhaifu. Anayeongeza lita saba za maji hutaraji chupa tisa za bure. Aghalabu hupata chupa arobaini zisizodumu.

Juu ya maji yenyewe, visima vyetu vingi hapa Dodoma vina maji magumu yenye chumvi. Maji magumu hula sehemu ya asidi, na chumvi husikika ulimini. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa ni bora. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa ya klorini yachemshwe, kisha yaachwe wazi yapoe, kwa sababu dawa hiyo huweza kuuachia mvinyo harufu ya uvundo. Ndoo za bati zisitumike kabisa: asidi huyeyusha zinki. Wala lisitumike dumu lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shamba, hata likioshwa mara kumi.

Mchuzi mzito huzama. Usipokorogwa kwa nguvu, maji hubaki juu, nawe utapima maji ukidhani umepima mchuzi. Kopo lisuuzwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyohesabiwa ndani ya jumla, maana sukari nyingi hung'ang'ania kuta zake. Weka maji pungufu kwanza, koroga, ngoja upoe hadi kama nyuzi 20, kisha tia haidromita. Kwa digrii 22 itasoma kama 1.092, yaani lita moja ina uzito wa kilo 1.092. Ikisoma zaidi, ongeza maji kidogo kidogo. Maji huongezwa, hayatolewi. Chachu hufuata baadaye, mchuzi ukiwa haujazidi joto la nyuzi 25, na chombo kibakizwe nafasi ya povu.

Wapo miongoni mwetu wasiokunywa mvinyo kwa ajili ya imani yao. Hesabu hii ya uzito ni yao pia, maana sharubati nayo huzimuliwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Nageukia vyama. Maji hayana stakabadhi, Ndugu Makatibu. Ukinunua lita 200 za mchuzi wa digrii 68, mkaguzi anaweza kukokotoa mezani kwake kwamba zitoke lita kama 760 za digrii 22. Zikionekana 1,000 stoo, atauliza. Kwa hiyo kila pipa liwe na mistari yake katika daftari: mchuzi lita ngapi, maji lita ngapi, haidromita ilisoma nini, nani alipima na nani alishuhudia. Vivyo hivyo kwa mwanachama aletaye mchuzi wa zabibu zake. Tukimlipa kwa lita peke yake, tunamlipa aliyezimua sawa na aliyelinda mchuzi wake, na kwa kweli tunamlipa zaidi. Alipwe kwa lita na kwa digrii.

Kuhusu kununua mapipa ya nje, maoni yangu ni haya. Jedwali la ushuru wa bidhaa limekuwa likitofautisha mvinyo ambao zabibu za nchini zinazidi asilimia 75 na ule usiofikia hapo, hivyo chama kitakachochanganya kisipige hesabu ya bei ya pipa peke yake. Leseni ya kuuza nayo ni lazima, hata kama mvinyo ulianzia jikoni. Na zaidi ya hayo, Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Kuna misimu ambayo wanachama wetu hukosa mnunuzi na zabibu huozea shambani. Sioni vipi tutawaeleza kwamba fedha zao zimenunua zabibu za watu wengine. Makopo machache ya kujifunzia kupima, sawa. Mapipa, hapana, mpaka mkutano mkuu wa wanachama uone hesabu yote na kuamua.

Haidromita mbili zipo hapa mezani, pamoja na mchuzi na maji. Naomba makatibu waje wawili wawili wapime wenyewe, kisha tuendelee na maswali.