TANGI TUPU NDILO LA KUOGOPWA



Katika Mautuma, nchi ya mahindi, gari kuukuu bado lina kazi yake. Lakini maji yatuamayo chini ya tangi huleta kutu, na mawe ya barabarani hulipiga kwa nje. Ndipo petroli huanza kuvuja. Sabuni ya mche ikisuguliwa penye ufa huzuia kwa muda mfupi tu. Hiyo si dawa.

Wengi hudhani kwamba tangi likiisha kumwagwa petroli laweza kuchomelewa bila hofu. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wa petroli, na sehemu moja na nusu hivi ya mvuke katika sehemu 100 za hewa yatosha kulipuka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hubaki ndani ya tangi lililo tupu. Kenya yaujua moto huo: tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, petroli iliyomwagika kutoka katika lori iliwaka, ikawaua watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hufungua kwanza waya wa betri, akaitoa petroli nje penye upepo, mbali na moto na sigara, akaitia katika debe lenye kifuniko. Tundu la kuchomelewa hulipeleka kwenye karakana yenye vyombo vya kufukuza mvuke. Bati likiwa limeliwa na kutu mahali pengi, hanunui kiraka. Hununua tangi jingine. Gharama yake ni ndogo kuliko uhai wa mtu.